Mbwa wa kuchunga asiye na mifugo: dalili, vyanzo na la kufanya

Wiki ya pili baada ya kumleta mbwa wangu Radi nyumbani Kitengela, wapwa zangu wanne walikuwa wakikimbizana uani. Nilisikia kelele zao kwa dakika kama tano, kisha kimya. Kuchungulia dirishani, nikawaona wote wanne wamebanana kwenye kona kati ya tangi la maji na ukuta. Radi alikuwa amelala kifudifudi mbele yao, kidevu chini, macho hayapepesi. Mmoja akijaribu kutoka, Radi anasogea hatua mbili, yule anarudi, naye Radi analala tena. Mdogo wao akaniita: "Mjomba, mbwa wako ametufunga!"

Hakuna aliyeumwa siku ile. Lakini ukiielewa kona ile ya tangi, umeshaelewa nusu ya matatizo yaliyo hapa chini.

Mbwa tuliokua nao sisi si wa namna hii. Hata Umaasaini mbwa hufuatana na mifugo, ila kazi yake ni kubweka akinusa fisi. Anayegeuza mbuzi ni mtoto mwenye fimbo na mluzi. Wazungu walizalisha mbwa wa kuifanya kazi ya huyo mtoto. Old Hemp, anayehesabiwa kuwa babu wa Border Collie wa leo, alizaliwa mwaka 1893 huko Northumberland, mpakani mwa Uingereza na Uskoti, akasifika kwa kuwasogeza kondoo kimya kimya, kwa kuwakazia macho tu. German Shepherd, aliyeanza kuandikishwa rasmi mwaka 1899, ana kazi nyingine kabisa: wazee wake walitembea kutwa kwenye mpaka wa malisho, huku na huko, kondoo wasivuke wakala ngano ya watu. Alikuwa uzio wenye miguu. Malinois, wa kutoka Malines nchini Ubelgiji, ni ndugu yake kwa kazi, ila moto wake ni mkali zaidi.

Kwa hiyo ukimchukua mbwa wa aina hii kwenye kituo cha kutunza mbwa wasio na wenyewe, iwe KSPCA (chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama) pale Karen, Nairobi, au kituo kidogo cha mtaani kwenu, umemchukua mfanyakazi. Radi ni chotara: mama Border Collie, baba hajulikani, masikio ni ya mbwa wa mtaani. Ile robo tatu ya sura yake inayokudanganya kwamba ni mbwa wa kawaida haina habari na kilichomo kichwani.

Siku za kwanza: hali chakula, habweki, amejificha nyuma ya kochi

Hapa watu hufurahi. "Ametulia, ana adabu." Ndugu yangu, huyo hajatulia, ameganda kwa hofu. Waliozoea kazi hii huhesabu hivi: siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kuanza kuzoea ratiba, miezi mitatu ndipo unamwona mbwa wako halisi. Si sheria, ila kwangu ililingana vizuri mno.

Mpe chumba kimoja, maji, na chakula kilekile alichokula kituoni. Usimwogeshe. Usiite majirani waje kumwona. Keti chini umpe ubavu, usimkazie macho. Kwa mbwa aliyezaliwa kusogeza viumbe kwa macho, kukodolewa ni kusukumwa.

Kama ni mtoto wa mbwa na kutokula kunaenda pamoja na kutapika au kuharisha damu, acha mambo ya hofu. Hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, na ni ya kumwona daktari wa mifugo leo, si kesho. Kuharisha kwa kawaida, bila damu na huku anacheza, mara nyingi ni kubadilishiwa chakula ghafla. Badilisha polepole kwa wiki nzima. Na ugali mtupu haumtoshi mbwa anayekimbia hivi, achanganyiwe dagaa au nyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika ikawa miiba.

Anauma visigino vya watoto wakikimbia

Mnyama anayewinda hufuata ngazi: anaona, anakaza macho, ananyatia, anafukuza, anakamata, anaua. Wazalishaji wa mbwa wa kuchunga walizikuza ngazi za kwanza na kuzififisha za mwisho. Ndiyo maana anafukuza kwa nguvu zote halafu anafinya tu kwa meno na kuachia. Mtoto anayekimbia akipiga kelele ni kondoo aliyetoroka, na kisigino ndicho mkono wa kumrudishia.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila nyumba hulifanya ni kumpiga. Fikiria anachojifunza: kila watoto wakikimbia, mimi napigwa. Hajifunzi kwamba kufinya ni kubaya. Anajifunza kwamba watoto wanaokimbia ni balaa, na siku moja ataizuia balaa hiyo kwa meno ya kweli.

Tulichofanya sisi: Radi akiwa na watoto uani, alivaa kamba nyepesi ya mita tatu inayoburuta chini. Akianza kuinama na kukaza macho (shingo hushuka usawa wa mabega, mkia hushuka, mdomo hufunga), mtu mzima anakanyaga kamba, anamwita, anamrushia kipande cha ini nyuma, mbali na watoto. Muda ni huo wa kuinama. Akishaanza kukimbia umechelewa. Watoto nao tuliwafundisha mchezo wa mti: mbwa akija kasi, simama, kunja mikono, tazama juu. Kondoo asiyekimbia hana raha. Mdogo alicheka sana siku ya kwanza, akasimama kama mti hadi mezani.

Wakitaka kukimbizana kwelikweli, mbwa anaingia ndani na mfupa mbichi wa kutafuna. Mtoto mdogo na mbwa hawaachwi peke yao, hata kwa dakika ya kuepua chai.

Jino likipasua ngozi, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Daktari ndiye atakayeamua kuhusu chanjo, si jirani. Kituoni omba kadi ya chanjo uione kwa macho. Usikubali "alishachanjwa huyo". Ya kichaa huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, maeneo mengi huwa na chanjo ya bure, kwa hiyo uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe.

Anafukuza bodaboda

Tatizo hili ndilo lililonikosesha usingizi, maana hapa anayeumia anaweza kuwa kijana wa watu.

Ona hesabu ilivyo kichwani mwa mbwa: pikipiki inakuja, nabweka, nafukuza, pikipiki inaondoka. Ameshinda. Kesho inakuja tena, anashinda tena. Hakuna kazi duniani inayolipa hivyo, asilimia mia moja ya mara zote. Kupaza sauti "wewe Radi!" nyuma yake ni kumshangilia tu.

Dawa ni umbali. Tafuta mahali ambapo anaiona pikipiki lakini bado anaweza kula. Hicho ndicho kipimo: mbwa aliyeshikwa na wazimu wa kufukuza hatakula hata ini. Kwa Radi ilikuwa hatua 60 kutoka stejini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Pikipiki ikitokea, maini yanaanza. Ikipotea, maini yanakwisha. Sikumwambia akae, sikumwambia chochote. Baada ya siku nne tano, alipoiona alianza kunigeukia mimi akitazama mfuko. Ndipo tukasogea hatua tano.

Nilipofika hatua 20 nilimlipa kijana wa stejini shilingi mia mbili apite polepole mara kumi. Alipita, akisimama kila mara kututazama. Mara ya saba akazima injini: "Mzee, hata mimi nigawie hayo maini." Ilituchukua wiki sita. Katika wiki hizo sita mbwa hakutoka getini bila kamba hata mara moja, kwa sababu ushindi mmoja unafuta mazoezi ya wiki nzima. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani badala ya shingoni: akijirusha, shingo haiumii na hahusishi maumivu na pikipiki.

Anatembea kando ya uzio mpaka nyasi zimekufa

Rafiki yangu wa Ngong ana German Shepherd aliyechonga njia ya upana wa futi moja kuzunguka kiwanja kizima. Wageni humsifu, "huyo ndiye mlinzi". Mbwa huyo hakuwa akilinda. Alikuwa akifanya kazi ya babu zake kwenye mpaka usio na kondoo, na hakuna wa kumwambia kazi imeisha.

Mazoea yetu huzidisha jambo hili: mbwa anafungiwa bandani mchana, anafunguliwa usiku. Kuna mbwa wanaolimudu. Huyu hawezi. Saa 12 za giza la banda, kisha saa 12 za kujiamulia mwenyewe nani apite na nani asipite. Utapata mbwa anayebweka kila jani.

Mfungue mchana, alale ndani au barazani usiku. Geti la nondo linaloonyesha barabara lifunike kwa mabati upande wa chini, asione kila mguu unaopita. Kisha mfanyie zamu: asubuhi na jioni zunguka uzio naye kwa kamba, kila kona simama, anuse, akae, apate kidogo, mwendelee. Mkifika mlangoni, kamba inavuliwa na anaingia ndani. Wanaoona ni mchezo wa kitoto wajaribu wiki mbili. Mbwa wa Ngong bado ana njia yake, lakini sasa majani yamerudi katikati.

Namkimbiza kilomita kumi kila siku na bado hatulii

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, wakiwemo wale walionishauri mwanzoni kwamba "mchoshe tu".

Nilimchosha. Mwezi wa kwanza tulikimbia kila alfajiri, jioni nikamrushia mpira mara hamsini. Mwezi wa pili mimi nilikuwa na goti bovu, yeye alikuwa mwanariadha wa Iten. Pumzi zilikuwa zimeongezeka, utulivu haukuongezeka hata chembe. Na ule mpira ulikuwa kuchochea jiko: ni kufukuza juu ya kufukuza, hakuna mahali pa kumaliza.

Nilikuja kugundua kwa kuandika kwenye daftari anapolala na anapoamka. Mbwa mzima anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 14 kwa siku. Radi alikuwa hafikishi hata tisa. Alikuwa kama mtoto aliyepitisha saa yake ya kulala: anarukaruka, analia, anauma vitu, na kila mtu anasema ana nguvu nyingi. Nguvu zilikwisha zamani, kilichobaki ni kero ya kukosa usingizi.

Ratiba iliyotufaa ni hii. Asubuhi dakika 40 za kutembea polepole kwa kamba ndefu, yeye akichagua cha kunusa. Kunusa kunachosha kichwa kuliko mbio. Chakula hakiwekwi bakulini: nusu kinatupwa kwenye nyasi akitafute, nusu kinafungwa ndani ya pakiti tupu ya unga, ile ya karatasi, inakunjwa na kutiwa kwenye boksi lililojazwa magazeti. Siku ya kwanza alilipasua kwa sekunde ishirini. Siku hizi analizunguka, analisukuma kwa pua, analala kando yake akiwaza. Mara tatu kwa siku, dakika tano tano za mafunzo: lala, subiri, njoo, nenda kwenye mkeka wako. Hilo la mkeka ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalomfundisha kwamba kutofanya kitu nako ni kazi inayolipwa.

Kisha saa saba mchana, pazia linafungwa, redio inawekwa chini, mlango unafungwa. Wiki ya kwanza alilalamika robo saa. Sasa ikikaribia saa saba anakwenda mwenyewe.

Tahadhari moja kuhusu mbio: joto. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa wewe, asikanyage yeye. Joto la mwili wa mbwa mzima ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likifika 41 anaweza kufa. Mbwa wa kuchunga hasimami mwenyewe akichoka, wewe ndiye wa kumsimamisha. Akihema kupita kiasi, ulimi umekuwa mwekundu sana, anayumba, mwagie maji ya kawaida, mpepee, na safari ya kwa daktari ianze.

Anaharibu nyumba ukiwa kazini

Usibuni chanzo, kirekodi. Acha simu ya zamani kabatini ikirekodi. Kuna picha mbili utakazoona, na tiba zake ni tofauti.

Ya kwanza: unafunga mlango, ndani ya dakika chache analia, anatokwa mate, anakwangua mlango uleule uliotokea. Huyo amepatwa na hofu ya kuachwa. Hatibiwi kwa boksi la chakula, hataligusa. Anatibiwa kwa kuondoka sekunde tano, kurudi; sekunde ishirini, kurudi; bila maagano marefu. Na kwa wiki hizo apatikane mtu wa kukaa naye. Pengine daktari ataongeza dawa, na si aibu.

Ya pili: analala saa nzima, anaamka, anajinyoosha, anatazama huku na huko, halafu anaingia kwenye kochi kwa utulivu wa fundi. Huyo hana kazi tu. Rudi kwenye pakiti ya unga.

Anafukuza vivuli, anakodolea mwanga ukutani

Acha kabisa tochi ya leza na ule mchezo wa kumulika kwa kioo cha simu. Mbwa wa kuchunga huweza kunaswa na kitu kisichoshikika akakifukuza saa nzima. Funga pazia, mgeuzie kazi nyingine. Ikiendelea wiki mbili, daktari.

Kuku na mbuzi wa jirani

Hapa sina hadithi nzuri. Radi aliwakusanya kuku wa mama wa nyumba ya pili, akawabana kwenye kona, na watatu wakafa kwa kulaliana. Hakuna aliyeng'atwa. Niliwalipa. Usimwamini hata akiwa na mwaka bila kosa: kamba, na uzio usio na tundu.

Kuhusu majirani kwa jumla, wengine hawataki kuguswa na mbwa, na wana sababu yao. Ukikaa Pwani hasa, Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee mmoja wa Lamu aliyetutembelea ndiye aliyenikumbusha kwamba hadithi za Mtume zenyewe, zinapokataza kufuga mbwa, zimemtoa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Akamtazama Radi na kuuliza, "Na huyu mifugo yake iko wapi?" Nikakosa jibu. Mgeni akija, mfunge mbwa, na umwambie mgeni kabla hajaingia.

Ghafla amenyamaza

Mbwa kama huyu akitulia bila wewe kufanya lolote, usishangilie. Fungua mdomo utazame ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, mkojo una rangi ya chai ya rangi, mwili una homa na hataki kuinuka, fikiria maradhi ya kupe. Huku kwetu kupe wa mbwa hawana msimu wa kupumzika. Wahi kupimwa damu, na dawa ya kuzuia kupe itolewe kwa ratiba, mwaka mzima.

Na hapa nakuomba usome polepole. Muuzaji wa dawa za mifugo au mtu anayepita akichoma ng'ombe sindano anaweza kukwambia atamchoma mbwa wako "hiyohiyo ya ng'ombe" kwa ajili ya kupe na minyoo. Mara nyingi ni ivermektini. Mwaka 2001 wataalamu wa Washington State University huko Marekani walibainisha hitilafu ya jeni, MDR1, inayofanya dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo wa mbwa. Collie wa manyoya marefu wengi wanayo, Australian Shepherd karibu nusu, German Shepherd na Border Collie wachache. Chotara huwezi kumjua kwa kumtazama. Akichomwa dozi ya ng'ombe, huyumba, hutokwa mate, mboni hupanuka, hupofuka, huzirai, na wengine hawaamki. Mwambie daktari kabla ya dawa yoyote: huyu ana damu ya mbwa wa kuchunga.

Nimeshindwa. Nimrudishe?

Kama ameuma kwa kutoboa na una watoto wadogo, au unaishi kwa hofu nyumbani kwako, ndiyo. Mrudishe kituo kilekile. Mikataba mingi ya kuasili inadai hivyo. Usimpe mwenye machimbo ya mawe "awe mlinzi", usimuuze, usimwache barabarani.

Na mpeleke na karatasi. Jamaa yangu mmoja alimrudisha Malinois baada ya miezi mitano, mkewe akiwa amejifungua mapacha. Aliandika mistari mitano kwa kalamu, akaibandika kwenye kadi ya chanjo: "Anapenda maini kuliko nyama. Anaogopa ufagio, msiushike ghafla. Pikipiki zikae mbali zaidi ya hatua 30. Mtoto anayekimbia atamfuata, anayesimama atamwacha. Saa saba mchana mfungieni pazia, atalala."